Unga wa Mfupa, Nasaba ya Pwani

Ukitoka Voi kwenda Mombasa, ukikata kulia pale Maungu, barabara inakufikisha Mlima Kasigau, na chini yake kijiji cha Makwasinyi. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani: wa miji ya pwani ya Manda, Faza, Mtwapa, Songo Mnara, Kilwa na Lindi, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na watu wa Makwasinyi wa baada ya 1650. Miongoni mwa waliouongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, na David Reich wa Harvard. Matokeo yalizungumziwa sana. Mimi nataka kuisifu kazi yenyewe, kwa kuwa ni ufundi wa watu wenye subira.

Mfupa unaotafutwa zaidi ni ule mgumu unaozunguka sikio la ndani, maana ndio unaotunza vinasaba kuliko mingine. Joto la kwetu huviharibu upesi, kwa hiyo mifupa mingi haitoi kitu. Fundi hujifunika mwili mzima, kwani hata mate yake yanaweza kuchafua sampuli. Anautoboa mfupa taratibu kwa keekee ndogo, usipate moto, mpaka apate unga usiofika robo ya kijiko cha chai. Kinachotoka kwenye unga huo ni vipande vifupi vifupi, na kwenye ncha za vipande vya kale herufi C ya vinasaba imeharibika, inasomeka T. Uharibifu huo ndio unaomhakikishia kwamba anamsoma marehemu, si mtu aliyeushika mfupa juzi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Kisha huja hesabu. Koo mbili zikioana, vipande vya urithi wa kila upande hukatika na kufupika kizazi baada ya kizazi. Kwa kupima urefu wake, watafiti walirudi nyuma hadi kwenye mwaka 1000 hivi, koo hizo zilipoanza kuoana: akina baba wengi kutoka Uajemi, akina mama karibu wote Waafrika. Simulizi za Washirazi za asili ya Uajemi, ambazo wasomi wengi walizichukulia kuwa ngano tu, zilipata ushahidi. Na waliodai kwamba miji ile ilikuwa ya wageni watupu walikosa pa kusimama.

Lakini huwezi kujua kilichoongezwa bila kujua kilichokuwapo. Makwasinyi, kama kilomita 100 kutoka baharini, ndiyo iliyotoa kipimo. Urithi wa watu wake, wa Kibantu uliochanganyika na wa wafugaji wa kale, ulilingana na upande wa Kiafrika wa watu wa Mtwapa na Manda. Bara ndilo lililoisomesha pwani.

Ufundi huu huu uliwahi kumtambua, karibu na Madrid, mtu aliyeishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita ambaye urithi wake ulikuwa wa Afrika Kaskazini. Wahispania walipata habari hizo mwaka 2019, katika utafiti wa watu wa kale 271. Bahari haikuwatenga watu kule, wala haikuwatenga huku.

Sampuli za Makwasinyi zilisomewa Marekani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko karibu na Voi, na vijana wake wanafundishwa kusoma miamba na madini. Wafundishwe na ufundi huu pia, ili mifupa mingine itakayotoka Kasigau isomwe na wajukuu wa Kasigau.