Kufu Isiwe Ngao ya Ubaguzi: Tukisome Upya Kitabu cha Desturi za Waswahili

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Miongoni mwa masuala yanayowafikia maimamu wa pwani yetu, kuanzia Tanga, Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, kuna moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Kijana anayeswali, mwenye tabia njema na kazi ya halali, amepeleka posa. Binti ameridhia. Wazee wanakataa, na sababu wanayoitoa ni kwamba kijana hana asili, yaani babu wa babu yake alikuwa mtumwa. Wakiulizwa dalili, hujibu kwa neno moja la fiqhi: kufu. Mazungumzo huishia hapo, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anapingana na sheria.

Katika makala haya tunataka kulichunguza jibu hilo. Tutaanza na kitabu ambacho kila anayetaka kujua mila za pwani hukirejea, kisha tutavirejea vitabu vya fiqhi vyenyewe, ili tuone kama wazee hawa wanafuata sheria au wanafuata desturi iliyovalishwa kilemba cha sheria.

Kitabu na mwandishi wake

Mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Mwandishi wake mkuu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye tangu mwaka 1900 alikuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Baadaye J.W.T. Allen alikitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1981.

Fadhila ya kitabu hiki ni kubwa. Mtoro hapambi wala hafichi. Anaeleza kuzaliwa, chuo, jando, ndoa, maziko, biashara na madeni kama mtu aliyeyaona. Hasiti kueleza utumwa pia: adabu aliyotakiwa mtumwa mbele ya bwana wake, ndoa ya mtumwa na idhini ya bwana, na tofauti baina ya mzalia na yule aliyeletwa karibuni kutoka bara. Anayetaka kujua jinsi watu wa Mrima walivyopangwa kwa madaraja, muungwana juu na mtumwa chini, hatapata shahidi wa karibu zaidi aliyeandika kwa lugha yetu wenyewe.

Lakini kasoro yake inaanzia kwenye jina. Jina kamili la kitabu linaendelea kutaja habari za desturi za sheria za Waswahili. Tulitazame neno hilo, desturi za sheria. Sheria ina dalili zake na desturi ina wazee wake, na hapa vitu viwili vimefungwa katika fundo moja. Mahari ni sheria. Kilemba cha baba, mkaja wa mama na kipa mkono ni desturi. Idhini ya walii ni sheria. Kumpima mposaji kwa jina la ukoo wake mpaka vizazi vitano nyuma, hiyo ni nini? Msomaji asiyesoma fiqhi hawezi kujua mpaka uko wapi, kwa sababu mwandishi hakuuchora. Hatumlaumu sana Mtoro, kwani alitakiwa aeleze watu wanavyofanya, na amefanya hivyo kwa uaminifu. Lawama ni yetu sisi tunaosoma maelezo ya mila kana kwamba ni fatwa.

Aliyeandika madaraja akapangiwa daraja

Maisha ya Mtoro mwenyewe ni funzo. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wawili hao walisafiri kuja Afrika Mashariki, na utawala wa kikoloni ukawazuia kushuka pamoja kwenye pwani hii, kwa sababu haukutaka kumwona mwanamke mweupe akiishi kama mke wa Mwafrika. Walirudi Ujerumani, na Mtoro akafariki huko mwaka 1927. Muungwana aliyeyaandika madaraja ya kwao akakuta kwamba kuna watu wamempangia yeye daraja, na kwa hesabu yao uungwana wake haukumfaa kitu. Kila jamii inayowapima watu kwa asili ikumbuke kwamba mizani hiyo haikosi mtu wa kuishika upande mwingine.

Mfano wa pili unatoka mji huohuo wa Bagamoyo. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo ya mashariki. Alisoma, akafundisha, akawa khalifa mkubwa wa Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 hapakuwa na mwanachuoni wa Bagamoyo aliyemshinda kwa heshima. Waungwana walikaa mbele yake wakasoma. Basi tuwaulize wazee: mtu huyu anatosha kuwa imamu wetu katika swala, ambayo ni nguzo ya dini, halafu mjukuu wake hatoshi kuwa mkwe wetu?

Asili ya kufu ni haki ya aliyekuwa mtumwa

Sasa tuingie katika fiqhi. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana pwani hii, anazihesabu sifa za kufu kuwa tano: kusalimika na aibu za mwili zinazojulikana, uhuru, nasaba, uchaji na kazi. Mali haimo kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Jambo hili lisipite bila kutajwa, kwani wengi leo humkataa kijana kwa umasikini na kuuita ukosefu wa kufu.

Lakini dalili ya kufu inatoka wapi? Imepokewa kwa Imam Shafi amesema kwamba asili yake ni hadithi ya Barira. Barira alikuwa mjakazi aliyeolewa na Mughith, naye mtumwa. Alipoachwa huru, Mtume (s.a.w.) alimpa hiari ya kubaki naye au kutengana naye. Mughith alimlilia mpaka machozi yakamtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamwombea, na Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa kwamba ni uombezi tu, alishika hiari yake. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari.

Tuzingatie hapa. Mlango wa kufu umefunguliwa kwa ajili ya mwanamke aliyetoka utumwani, ili asilazimishwe kubaki katika ndoa asiyoitaka. Ilikuwa ngao ya aliye dhaifu. Leo katika miji yetu ngao hiyohiyo wamepewa wenye nguvu, na wanaokingwa nayo wasiingie ni wajukuu wa Barira.

Kwa sababu hiyo wanavyuoni wa Kishafi wamesema wazi kwamba kufu ni haki ya mwanamke na ya walii wake, na kwamba haki hiyo inasameheka. Wakiridhia, ndoa ni sahihi. Imepokewa pia kwa Imam Shafi kwamba kuoa asiye kufu si haramu. Naye Imam Malik aliangalia dini kabla ya kitu kingine. Na Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alishauriwa na Mtume (s.a.w.) aolewe na Usama bin Zayd, ambaye baba yake alikuwa mwachwa huru. Kwanza hakupenda, kisha akatii, na akaona kheri katika ndoa hiyo, kama alivyopokea Muslim.

Hoja yenye nguvu ya wanaopinga

Uadilifu unatulazimisha tuseme hoja yao iliyo nzito. Vitabu vya Kishafi vinasema kwamba aliyeguswa na utumwa, yeye au baba zake, si kufu wa mwanamke ambaye yeye na baba zake hawakuguswa nao. Maneno haya yamo, na anayedai hayamo anawadanganya watu. Tunajibu kwa mambo mawili.

Kwanza, maulamaa walioyaandika waliyajenga juu ya aibu inayompata mwanamke na jamaa zake kwa mujibu wa ada ya watu wao. Hukumu iliyojengwa juu ya ada hubadilika ada inapobadilika. Wajerumani walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 ni huru, na Waingereza wakaufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Ikiwa aibu bado ipo, sisi ndio tunaoilisha isife.

Pili, na hili ndilo kubwa: utumwa gani uliothibiti? Asili ya mwanadamu katika sheria ni uhuru, na anayedai kinyume ndiye mwenye kuleta ushahidi. Wengi walioletwa Pangani na Saadani walikuwa watu huru walionyakuliwa njiani, au waliouzwa kwa njaa, kama Wazigua wa miaka ya 1830, ambao baadhi yao walisafirishwa mpaka Somalia, na wazao wao huko wamehifadhi Kizigua chao. Je, hiyo ilikuwa jihadi yenye masharti yake? Katika Bukhari imo hadithi qudsi kwamba Mwenyezi Mungu ni hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Ikiwa kuuzwa kwa babu kulikuwa dhulma, basi doa liko kwa muuzaji na mnunuzi. Vipi sisi tulipeleke kwa mjukuu wa aliyeuzwa?

Wala tusivuke mpaka upande wa pili

Wapo waliofikiri kwamba dawa ya ubaguzi ni kulazimisha. Mwaka 1970 huko Zanzibar mabinti wenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu watu wa serikali ya Mapinduzi, kwa madai ya kuvunja ubaguzi. Hilo lilikuwa dhulma juu ya dhulma. Barira hakulazimishwa hata na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, nani mwingine ana haki ya kulazimisha? Binti akimkataa mposaji, kwa sababu yoyote, hiyo ni haki yake. Tunalopinga ni kumfungia njia aliyeridhia, na kumdhalilisha mposaji kwa kuutukana ukoo wake.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 12 na ya 13, inasema watu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na inakataza ubaguzi. Muislamu hakungojea katiba. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat ilikwisha kutufundisha kwamba mataifa na makabila ni ya kujuana, na kwamba utukufu ni kwa uchamungu. Mtume (s.a.w.) alipomsikia Abu Dharri akimwaibisha mtu kwa mama yake, alimwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Abu Dharri alikuwa miongoni mwa waliotangulia katika Uislamu, wala hilo halikumwokoa na kemeo.

Nini kifanyike

Tanga ni mji wa elimu. Hapa ndipo Sheikh Ali bin Hemed el-Buhriy alipoandika Mirathi na Nikahi, vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, cha kwanza mwaka 1923 na cha pili mwaka 1959. Mji uliowapa wengine elimu ya nikahi usishindwe kuwafundisha watu wake.

Tunapendekeza mambo matatu. Walimu wanaposomesha mlango wa kufu waanze na Barira, wasiishie katika kuhesabu sifa tano. Maimamu wakiletewa posa iliyokataliwa kwa asili, wamtake mdai alete ushahidi, na wamkumbushe kwamba uvumi wa baraza si bayana. Na wanafunzi wanaosoma kitabu cha Mtoro wakisome kwa mapenzi, kwani ni hazina, ila kila ukurasa wajiulize: hii ni sheria, au ni sisi?

Wallahu aalam.