Chombo cha Wakati: Riwaya ya Wells na Sinema ya Pal

Riwaya ikigeuzwa sinema, watu aghalabu huuliza kama sinema imeifuata riwaya au haikuifuata. Swali hilo ni jepesi, na jibu lake halina faida kubwa. Yafaa zaidi kuuliza ni kitu gani kilichoachwa njiani, na ni nani aliyepata nafuu kwa kuachwa kwake. Nataka kuuliza hivyo juu ya The Time Machine, sinema iliyotengenezwa na George Pal mwaka 1960 kutokana na riwaya ya H. G. Wells iliyotoka mwaka 1895. Nimeitazama tena hivi karibuni, riwaya ikiwa mkononi.

Habari yenyewe yajulikana na wengi. Bwana mmoja wa Kiingereza, mwenye elimu na nafasi, aunda chombo cha kusafiria katika wakati. Chombo chamfikisha mwaka 802,701, na huko akuta binadamu wamegawanyika jamaa mbili. Juu ya ardhi wakaa Eloi, watu wazuri, wapole, wala matunda, wasiojua kazi wala hofu ya mchana. Chini ya ardhi wakaa Morlock, ambao macho yao hayastahimili nuru. Hao ndio wanaoendesha mitambo na kuwavika Eloi nguo. Na hao ndio wanaowala.

Wells hakuyaokota mambo haya hewani. Alizaliwa Bromley, katika jimbo la Kent, mwaka 1866, na jiko la nyumba yao lilikuwa chini ya usawa wa barabara. Mama yake alikuwa mtumishi, akapanda hata akawa msimamizi wa watumishi katika jumba kubwa la Uppark, jimbo la Sussex. Jumba hilo lina njia zilizochimbwa chini ya ardhi, na humo watumishi walipita na vyakula vya mabwana. Mtoto aliyeziona njia zile hakuhitaji kusafiri miaka laki nane ili kuwaza watu wa chini na watu wa juu. Mwenyewe alitiwa uanagenzi katika duka la nguo, akauchukia. Baadaye akapata kusoma elimu ya viumbe kwa T. H. Huxley. Hadithi yake ya kwanza juu ya safari ya wakati ilitoka mwaka 1888 katika gazeti la wanafunzi wa chuo chake, jambo ambalo wasomaji wa jarida kama hili hawatakosa kulifurahia.

Kwa hiyo katika riwaya Eloi ni uzao wa matajiri na Morlock ni uzao wa wafanyakazi. Msafiri hafikii maoni hayo kwa mara moja. Kwanza adhani ameona dunia ya usawa na raha. Kisha aona visima, asikia mitambo, naye alazimika kuivunja hoja yake na kuijenga upya. Akumbuka kwamba hata London ya siku zake ilikuwa na reli na karakana za chini ya ardhi, na kwamba wafanyakazi wa upande wa mashariki wa mji waliishi karibu wametengwa na uso wa dunia. Kutisha kwa riwaya kwatoka hapa. Morlock ni mtoto wa nyumba ile ile, amepanda ngazi usiku kudai chakula alichonyimwa na babu zao Eloi. Na msafiri, pamoja na marafiki wanaomsikiliza baada ya chakula kizuri, ni miongoni mwa babu hao.

Katika sinema deni hilo limefutwa. Weena, binti wa Eloi, amwonyesha msafiri pete zinazotoa sauti zikizungushwa juu ya meza. Sauti yasimulia vita vya mashariki na magharibi vilivyodumu miaka 326, na hewa iliyoharibika hata haikufaa tena kuvutwa. Waliobaki, yasema, walichagua: baadhi wakaingia mapangoni, baadhi wakajaribu bahati yao juani. Tazama neno hilo, kuchagua. Katika riwaya hakuna aliyechagua kwenda chini. Watu walisukumwa huko kizazi baada ya kizazi, na waliowasukuma hawakuona kuwa wanafanya jambo lolote. Mtazamaji wa mwaka 1960 aliweza kutoka katika jumba la sinema akiwa na hofu ya bomu, lakini bila kumwangalia kwa jicho jipya mtu aliyemkatia tikiti.

Walakini si haki kumhesabu Pal kuwa amepunguza tu. Alizaliwa Hungaria mwaka 1908, akafanya kazi Berlin, akaondoka Wanazi waliposhika utawala. Vita alivijua, na sinema yake yaanza kuvisema tangu mwanzo. Msafiri wake aondoka siku ya mwisho ya mwaka 1899, wakati Waingereza wapigana na Makaburu Afrika ya Kusini. Rafiki mmoja amshauri auze akili yake kwa jeshi, naye akataa. Aikimbia karne yenye vita aende kutafuta nyingine isiyo navyo. Asimama mwaka 1917, aambiwa kuwa rafiki yake Filby ameuawa vitani, na anayemwambia ni mwana wa Filby, amevaa sare. Asimama 1940, mji wapigwa mabomu. Asimama 1966, na mji wote wateketea. Sisi tunaoitazama leo twajua kwamba mwaka 1966 ulipita bila ya moto huo. Lakini sidhani kosa la hesabu limeidhuru sinema. Waliotengeneza waliiweka hatari umbali wa miaka sita tu, mahali ambapo mtazamaji hakuweza kumwachia mjukuu wake.

Safari yenyewe imeonyeshwa kwa ufundi ambao sinema chache za jinsi hii zimeushinda, nao ulipewa tuzo ya Oscar. Mshumaa wapungua mbele ya macho, konokono akimbia sakafuni, jua larushwa juu ya paa la kioo kama mpira. Ng'ambo ya barabara kuna duka, na dirishani mwake sanamu ya mwanamke inayovikwa nguo mpya kila msimu. Nguo zafupika, sanamu haizeeki. Wells alihitaji kurasa kueleza kwamba wakati ni njia kama njia nyingine. Pal ameieleza hoja hiyo kwa gauni.

Lakini jambo bora alilolibuni ni king'ora. Mwaka 1966 twasikia king'ora kikiwaita watu waingie mahandakini wasiuawe. Katika mwaka 802,701 twakisikia tena, na Eloi wasimama, macho wazi bila kuona, waandamana kuelekea mlango wa Morlock. Mlango wafungwa, sauti yakoma, na waliobaki nje warudi kwa utulivu. Mmoja aeleza kuwa hatari imekwisha, kwa maneno yale yale ya zamani ambayo hajui maana yake. Utii uliofundishwa ili kuokoa maisha umedumu baada ya maisha kusahau sababu yake. Hilo halimo katika riwaya, na Wells, nadhani, angalilionea wivu.

Kuna udhaifu mwingine ambao msomaji wa lugha hataacha kuuona. Eloi wa Pal wasema Kiingereza, tena kilichonyooka. Wells aliwapa Eloi lugha yao, na msafiri akataabika kujifunza maneno machache. Utendi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728, na wengi wetu twahitaji mfasiri kando yetu ili kuusoma. Na hiyo si hata miaka mia tatu. Kilichopotea hapa ni zaidi ya ukweli wa elimu ya lugha. Weena wa riwaya, kiumbe mdogo asiyeeleweka vizuri, apotea katika moto wa msituni, nasi twahuzunika kwa mtu ambaye hatukupata kumjua. Weena wa sinema ni mchumba.

Naye mchumba lazima aokolewe. Msafiri wa riwaya ashindwa kumwokoa, asonga mbele hadi pwani ya jua jekundu linalokufa, arudi na maua mawili meupe mfukoni, kisha aondoka tena asionekane. Alikuwa shahidi. Msafiri wa Pal ni mwalimu. Awakemea Eloi, awashambulia Morlock, na Eloi mmoja, akimwangalia, akunja ngumi kwa mara ya kwanza na kupiga. Sinema yaitukuza ngumi hiyo bila kukumbuka kwamba saa nzima ilikuwa ikilalamikia vita. Baada ya hapo msafiri arudi nyumbani, achukua vitabu, na kwenda kuwajengea Eloi ustaarabu. Katika mwaka ule ule wa 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Sidai kwamba Pal aliwafikiria watu wake, lakini mtazamaji wa Afrika ameshawahi kumwona mgeni huyu, aliyekuta watu akawadhani watoto, na aliyekuja na vitabu alivyovichagua yeye peke yake.

Vitabu hivyo ni vitatu. Hatuambiwi ni vipi, na watu wengi husifu siri hiyo. Mimi namtazama anayeulizwa. Kuna pengo katika rafu, na Filby amgeukia Bi Watchett, mtumishi wa nyumba, na kumwuliza yeye angalichagua vipi. Bi Watchett yumo katika riwaya pia: chombo kikiondoka, msafiri amwona akikivuka chumba upesi kama fataki, na wakati wa kurudi amwona tena akikivuka kinyumenyume. Ndiye mtu wa mwisho wa karne yake anayemwona akienda, na ni mwanamke mwenye kazi ile ile ya mama yake Wells. Kama riwaya yasema kweli, uzao wake ndio utakaoshuka chini. Sinema iliyofuta habari ya watumishi yamwuliza mtumishi swali lake la mwisho, na haingoji ajibu.