Sikio la Fundi wa Kabureta

Simama asubuhi karibu na stendi ya Babati uzisikilize pikipiki. Nyingi hazina sailensa, yaani haziwezi kunguruma polepole zenyewe. Dereva akiachia mkono wa mafuta zinazima, kwa hiyo anavuta resi hata akiwa amesimama anasubiri abiria, petroli inateketea bure. Ukimuuliza, atakwambia kabureta imekufa, anatafuta hela anunue nyingine. Kabureta haifi kirahisi hivyo. Imekosa mtu wa kuifungua.

Yupo mzee mmoja hapa mjini ambaye bado anazifungua. Wateja wake ni zile Honda XL na Yamaha DT zilizobaki, pikipiki za enzi za mabwana shamba na makatekista, kabla barabara ya Kondoa haijapata lami. Kijana akimwamkia, mzee huitikia marahaba, kisha huuliza kabla hajashika bisibisi: "Unaifanyia kazi wapi, mwanangu?"

Si umbea. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kwenda Bashnet, hewa inakuwa nyepesi ilhali jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta, inamimina mafuta yaleyale: injini inakosa nguvu, moshi unakuwa mweusi, plagi inajaa masizi. Ukiipunguzia pikipiki mafuta kwa ajili ya mlima, halafu ukaishusha Magugu kubeba mpunga, plagi inakuwa nyeupe na injini inachemka. Fundi asiyejua chombo kinakokwenda anatuni nini?

Baada ya hapo anaitambua kabureta. Anapangusa tope kwa kidole gumba mpaka maandishi yatokee: jina la kiwanda, Mikuni au Keihin, kisha herufi na tarakimu. VM22, kwa mfano, ni Mikuni yenye koo la milimita 22. (Wajapani hao wa Mikuni nao waliwahi kutengeneza kabureta kwa leseni ya Amal ya Uingereza, ufundi una ukoo.) Kisha anatazama skrubu ya mchanganyiko imekaa wapi. Ikiwa upande wa filta, inapitisha hewa, na ukiikaza mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa injini, ukiikaza mafuta yanapungua. Nimeona vijana wakizungusha skrubu hiyo nusu saa nzima, kinyumenyume, kwa kujiamini kabisa.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni namna anavyozibua jeti. Haingizi waya. Ana kipande cha uzi wa nailoni, uleule wa wavuvi wa Ziwa Babati, anaupitisha kwenye tundu polepole, anapuliza, anainua jeti juani na kufumba jicho moja. Shaba ya jeti ni laini, waya unaikwangua. Ukishaikwangua, namba iliyogongwa ubavuni inakuwa ya uongo, na atakayeifungua baada yako atahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Mzee anamfikiria huyo fundi ajaye, ambaye pengine hajazaliwa.

Hatuni injini baridi. Ikishapata moto anageuza skrubu robo, anasubiri, anageuza tena. Mlio unapanda, unatulia, unaanza kukwama. Anairudisha pale ulipokuwa juu na laini, ndipo anashusha sailensa. Dereva anatumwa akazunguke nayo barabarani, na akirudi plagi inafunguliwa. Inatakiwa iwe na rangi ya chai ya maziwa.

Uzembe wa kung'oa kabureta badala ya kuifungua haukuanza kwa vijana peke yao. Petroli ilichakachuliwa kwa mafuta ya taa mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ikaanza kuyawekea mafuta vinasaba vya kubaini uchakachuaji mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasilipe kuchanganywa. Injini ilipogoma, fundi wa haraka aliona wa kulaumiwa ni kabureta, akaing'oa. Tabia hiyo ilibaki hata mafuta yalipokuwa safi zaidi.

Pikipiki mpya zinazopima mafuta kwa kompyuta sizilaumu. Hazina skrubu ya kugeuza. Ninazozisikitikia ni hizi tulizonazo. Keihin halisi inatupwa kwenye gunia la chakavu, inapimwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka, na mahali pake inafungwa kabureta ya kuiga aina ya PZ27 isiyo hata na jina la kiwanda, kama ilivyotoka kwenye boksi. Dereva wa Bashnet anaondoka nayo, moshi mweusi nyuma yake, akilalamika kwamba petroli imepanda bei.