Fomu Iliyojifanya Mgeni

Fundi aliyehamisha tovuti ya nyumba moja ya wageni si mzembe. SPF ni rekodi moja tu, DKIM ina ufunguo wa biti 2048, PTR inalingana na jina la seva. Safi. Kisha akafika kwenye fomu ya kuulizia vyumba, na hapo akaharibu kila kitu.

Aliweka anwani ya mgeni kwenye From. Mgeni mwenye anwani ya Yahoo akijaza fomu, barua inatoka kwenye seva ya nyumba ya wageni huku ikidai imetoka yahoo.com. Yahoo nao wana p=reject kwenye DMARC yao tangu Aprili 2014, uamuzi uliovuruga orodha za barua dunia nzima, na mimi sijawasamehe hadi leo. Lakini sheria ndiyo hiyo. SPF inapita kwa kikoa cha nyumba ya wageni, DKIM inapita kwa kikoa hicho hicho, na hakuna hata kimoja kinachooana na yahoo.com. Gmail, inayopokea barua za mapokezi, inajibu 550 5.7.26 na mchezo umekwisha. Rekodi zote alizozipanga kwa ustadi zikageuka ushahidi dhidi yake.

Utetezi wake: mapokezi wakibonyeza “jibu”, jibu limfikie mgeni. Kwani Reply-To ina kazi gani? Imo kwenye RFC 822 ya David Crocker, mwaka 1982! From ibaki anwani ya kikoa chako, ya mgeni iende Reply-To. Ni suala la mstari mmoja wa PHP.

Alijaribu? Alijaribu, kwa Gmail yake mwenyewe. DMARC ya gmail.com ni p=none, kwa hiyo barua haikukataliwa. Ilitua kwenye folda ya taka, akaiokota humo, akatangaza fomu inafanya kazi. Mgeni wa Yahoo naye akaandikiwa kwenye skrini, “Asante, ujumbe wako umefika.” Taarifa ya kukataliwa ilirudi kwa mtumaji wa bahasha, www-data, sanduku lisilofunguliwa na binadamu yeyote.

Wakongwe waliolelewa na Sendmail ya Eric Allman wasingepitwa na hili, maana logi waliisoma kabla ya chai. Wietse Venema akawarahisishia wote waliofuata: Postfix yake inaandika status=bounced pamoja na maneno yenyewe ya seva iliyokataa. Yote yalikuwamo kwenye mail.log. Fundi wa siku hizi akiona alama ya kijani kwenye kipimo cha SPF, anafunga kompyuta.

Mstari wa From umesharekebishwa. Sanduku la www-data bado halina msomaji, na barua ya uthibitisho anayopelekewa mgeni inatoka noreply@, ugonjwa ninaoupigia kelele kila mwaka. Mgeni akitaka kubadili tarehe ya kufika, amjibu nani?