4/5 Haitoshi: Mguu wa Kiharusi Upimwe kwa Mizani

Mmeona mara nyingi: mgonjwa wa kiharusi ameketi kitandani, anaambiwa anyooshe goti, mpimaji anausukuma mguu kwa kiganja, mguu unagoma kiasi, kisha kwenye faili inaandikwa 4/5. Uamuzi huo wa sekunde chache ni kosa. Daraja la 4 husema misuli imeshinda uzito wa mguu na kuhimili msukumo. Msukumo wa kiasi gani, halisemi. Madaraja hayo yalitolewa Uingereza mwaka 1943 kwa ajili ya mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa, ambako swali lilikuwa iwapo misuli imeanza kuamka. Paja la mtu mzima lina nguvu kuliko mkono wa anayelipima. Mwaka 1961 mtafiti Beasley alionyesha, kwa wagonjwa wa polio, kwamba misuli ya kunyoosha goti yaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake na kiganja kisigundue. Basi mkulima wa miteremko ya Dongobesh au ya mlima Hanang anaweza kuandikiwa 4/5 leo, na 4/5 tena baada ya miezi sita, ilhali nguvu zimeongezeka maradufu au hazijasogea kabisa.

Lovett na Martin walikuwa mbele yetu: kufikia 1916, huko Marekani, walipima misuli ya wenye polio kwa mizani ya springi. Ya kwetu ni ile ya kilo 25 inayoning'inizwa kliniki kupimia watoto. Mgonjwa aketi, goti nyuzi 90, mkanda juu ya kifundo, mizani ifungwe nyuma kwenye mguu wa kitanda, avute mara tatu kwa kila mguu. Anayevuta zaidi ya kilo 25 apimwe kwa mizani ya mazao. Wapo watakaopinga wakisema mguu wa kiharusi hukakamaa, hivyo kilo zitadanganya. Lakini ukakamavu huchochewa na mwendo wa haraka, na hapa mguu hausogei. Hofu kwamba kutumia nguvu huongeza ukakamavu ni urithi wa mtazamo wa tiba wa Bobath, uliowanyima wagonjwa mazoezi ya nguvu kwa miongo. Majaribio ya baadaye hayakuona mazoezi hayo yakiongeza ukakamavu. Ni kweli mguu wa pili nao hudhoofika, kwa hiyo usichukuliwe kuwa kigezo cha uzima; mgonjwa alinganishwe na kilo zake mwenyewe za mwezi uliopita.

Ombi langu kwa wataalamu wa fiziotherapia wa Katesh, na wa Haydom ambako hospitali imehudumia watu tangu 1955: andikeni kilo, mguu gani, na mkanda ulikaa sentimita ngapi chini ya goti.