Kipimo cha Rushwa: Nani Anapima, Nani Anapimwa?

Kila mwaka taasisi iitwayo Transparency International, yenye makao makuu mjini Berlin, Ujerumani, hutoa orodha inayozipanga nchi za dunia kwa kadiri rushwa inavyodhaniwa kuwapo katika ofisi zao za umma. Orodha ya kwanza, ya mwaka 1995, ilikuwa na nchi 41. Ya mwaka 2024 ilikuwa na nchi 180. Katika hiyo ya 2024 Denmark ilipewa alama 90 kati ya 100, na Tanzania alama 41. Orodha inapotoka na alama zetu zimepanda, wapo viongozi wanaoinukuu majukwaani kana kwamba ni hati ya usafi. Zikishuka, huiita njama za mabeberu. Mara nyingi ni watu wale wale. Huo ni ushabiki, si siasa. Kada hana budi kuuliza kwanza kipimo chenyewe kimetengenezwaje, na kinapima nini.

Neno la kuzingatia ni "inavyodhaniwa". Rushwa hupita gizani wala haina stakabadhi, kwa hiyo watungaji wa orodha hawaihesabu. Hukusanya maoni juu yake. Maoni hayo huchukuliwa katika vyanzo 13, vikiwamo Benki ya Dunia, Jukwaa la Uchumi la Dunia, na kampuni zinazouza ushauri kwa wawekezaji, kama Economist Intelligence Unit ya London. Nchi ikiwa na vyanzo visivyopungua vitatu huingizwa katika orodha. Wanaotoa maoni ni wataalamu na wakuu wa makampuni. Mama lishe anayedaiwa chochote na mgambo hayumo, wala mkulima anayezungushwa miezi na baraza la ardhi. Taasisi hiyo inao uchunguzi mwingine, ulioanza mwaka 2003, unaowauliza wananchi wa kawaida, lakini majibu yao hayaingizwi katika alama hizi.

Hatusemi kwamba maoni ya mwenye kampuni ni ya uongo. Yeye anaijua rushwa vizuri, maana mara nyingi ndiye anayeitoa. Lakini anaitazama akiwa upande wake wa meza: kwake ni gharama ya biashara, kwa mkulima ni kunyang'anywa haki. Kipimo kinachosikiliza upande mmoja wa meza hakiwezi kuitwa kipimo cha taifa zima.

Tuchukue suala la rada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania iliuziwa rada na kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28, bei iliyolalamikiwa hata ndani ya Serikali ya Uingereza yenyewe. Uchunguzi ulionyesha kwamba dola kama milioni 12.4 zililipwa kwa makampuni ya wakala. Desemba 2010, mbele ya mahakama mjini London, kampuni hiyo ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kuwalipa wananchi wa Tanzania pauni milioni 29.5, ambazo baadaye zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Rushwa yenyewe haikupata kuthibitishwa mahakamani hapo. Sasa tutazame orodha ya mwaka huo huo wa 2010, wakati alama zilipokuwa kati ya 0 na 10: Uingereza 7.6, Tanzania 2.7. Biashara ilikuwa moja, lakini kipimo kilitazama ofisi ya mnunuzi tu.

Haya si makosa ya hesabu. Ndivyo kipimo kilivyowekewa mipaka. Taasisi yenyewe inakiri kwamba orodha haihusu utoroshaji wa fedha, ukwepaji wa kodi, wala rushwa ndani ya makampuni binafsi. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba euro kama bilioni 200, nyingi zikiwa za kutiliwa shaka, zilikuwa zimepita katika tawi la benki ya Kidenmark, Danske Bank, huko Estonia kati ya 2007 na 2015. Katika orodha ya 2018 Denmark ilikuwa ya kwanza duniani. Na jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki lilieleza mwaka 2015 kwamba Afrika hupoteza si chini ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa. Fedha hizo zinafikia mahali fulani, na huko zinakofikia hapapungui alama.

Ahadi ya mwanachama wa TANU, ambayo CCM imeirithi, inawakataza wawili: apokeaye na atoaye. Transparency International iliwahi kupima nusu hiyo ya pili. Mwaka 1999 ilianza orodha ya nchi ambazo makampuni yake hutoa rushwa ng'ambo. Orodha hiyo ilitolewa mara tano, ya mwisho ikiwa ya 2011. Ile ya wapokeaji inaendelea.

Hata hivyo, uchambuzi huu usigeuzwe mwavuli wa wezi. Alama za Tanzania zilikuwa 35 mwaka 2012, kisha 33, 31, na 30 mwaka 2015. Fedha za akaunti ya Tegeta Escrow zilitoka Benki Kuu mwishoni mwa 2013, na orodha haikujua lolote. Bunge lilizijadili hadharani Novemba 2014, na baadhi ya viongozi wakapoteza nyadhifa. Hatudai kwamba alama zilishuka kwa sababu hiyo moja. Lakini kipimo cha dhana huona kilichosemwa, na kiongozi anayefukuzia alama tu atajifunza upesi kwamba kunyamaza kuna faida kuliko kufichua. Hatari hiyo ni yetu, si ya Berlin. (Na wanaoshangilia alama moja watazame: 38 mwaka 2020, 39 mwaka 2021, 38 tena mwaka 2022. Huo ni mtikisiko wa mizani tu.)

Wananchi wanacho kipimo kisichohitaji dhana. Kwa utaratibu wa serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele ya wanakijiji. Makada wanaobishana juu ya orodha ya dunia waulizwe mkutano wa mwisho katika vijiji vyao ulifanyika lini, na kama stakabadhi za mchango wa darasa zilionyeshwa.