Yusufu wa Karema: Tumaini katika Maisha ya Adrien Atiman

Mpwani akipatwa na zito husema, "Mungu si Athumani." Kwa maneno hayo machache hukiri mambo mawili: kwamba binadamu amemtupa, na kwamba yuko asiyetupa. Tumaini la namna hii haliupambi msiba wala haliuiti neema. Kwa kipimo hicho yafaa kusomwa maisha ya Adrien Atiman, tabibu na katekista wa Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mkoa ambao tangu mwaka 2012 huitwa Katavi.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu. Angali mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa, hata mwaka 1876 Mapadre Weupe wakamkomboa nchini Algeria. Walimsomesha, naye akajifunza utabibu huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akakaa huko hadi kufa kwake mwaka 1956. Simulizi yake mwenyewe ilichapwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, umri wake ukikaribia miaka 80.

Mfano unaomjia msomaji upesi ni wa Yusufu. Mkristo wa Mamba, katika nchi ya Wapimbwe, anakijua kisa hicho kwa kitabu cha Mwanzo. Mwislamu wa Unguja au Pemba anakijua kwa sura ya 12 ya Kurani. Mtoto anauzwa, anapelekwa nchi ya mbali, na mwisho mkono wake unawaokoa watu wa nchi ile ya ugeni. Nani asiyemwona Atiman hapo?

Lakini mfano huu una mtego. Wasimulizi wengi wa maisha kama haya, wakishaifikisha habari Karema, huligeuza jangwa kuwa njia tu. Husema kwamba asingalitekwa asingalimjua Kristo, wala asingaliwatibu watu wa Tanganyika. Neno hilo lina sura ya sifa kwa Mungu, ila ndani yake mwizi wa watoto amekwisha kupewa cheo cha mtume. Hilo ni kosa la imani, na ni kosa la usomaji pia. Katika Mwanzo, Yusufu hawaambii ndugu zake kwamba walitenda vyema. Huwaambia kuwa wao walikusudia mabaya, na Mungu akakusudia mema. Makusudio ni mawili, na kila moja lina mwenyewe. Anayeyafanya kuwa moja humsafisha dhalimu kwa jasho la aliyedhulumiwa.

Wasomaji wa Unguja wana sababu ya kulipima jambo hili kwa makini. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Madhabahu ile haikulitakasa soko. Thamani yake ni kwamba inashuhudia, mbele ya kila aingiaye, ni nini kilichotendwa pale.

Yamkini msomaji akajibu: mwenye kuonewa akimshukuru Mungu kwa maisha yake yote, nani wa kumkataza? Hoja hii ina uzito. Hata hivyo shukrani hiyo ni mali ya aliyeteseka. Wasikilizaji hawawezi kuiazima ili wao wasisumbuke na kilio cha mtoto jangwani.

Tena mfano wa Yusufu unakatika kabla ya mwisho. Yusufu alimkumbatia tena baba yake. Ayubu naye, ambaye pwani imemtungia utendi, alirudishiwa vilivyopotea. Wapenzi wa tenzi wamezoea tamati hiyo: subira huvuta heri, na heri huonekana kabla ya beti kwisha. Atiman hakuipata. Wazazi aliotengwa nao hakuwaona tena, na mto wa utotoni mwake ulibaki mbali. Karema ilimpa mke, watoto na heshima, haikumrudishia alichoibiwa.

Kwa hiyo tumaini lake halitafutwi katika malipo. Linaonekana katika kazi ya miaka ipatayo 67: kuamka, kumpokea mgonjwa, kutumia elimu ya Malta pamoja na dawa za miti za wenyeji, na kesho kuanza tena. Mtoto aliyenyang'anywa wazazi wake alitumia maisha yake kuwaponya watoto wa wazazi wengine. Huko ndiko kumtumaini Mungu bila kumwachia huru mwizi, na kisa cha Karema kikisimuliwa tena, yapasa jangwa libaki jangwa.